UZI: Kanisa linalokula mezani pa mwenye nguvu litamkemea vipi?

Mtunza Taa

Wakuu, salaam. Nimefuatilia mijadala ya Kanisa na dhuluma kwa muda mrefu, na naona tunazunguka palepale. Wengine wanasema wachungaji wabaki madhabahuni, wengine wanasema waingie barabarani. Mimi naona kabla ya kubishana Kanisa liseme nini, tuulize kwanza linakula wapi.

Fungueni 1 Wafalme 21. Habari ya Nabothi wengi wetu tumeisikia kama habari ya mfalme mwenye tamaa, basi. Lakini angalieni shamba lilivyochukuliwa. Mfalme Ahabu alitaka kulinunua, au ampe Nabothi shamba jingine zuri zaidi. Nabothi akakataa, kwa kuwa lilikuwa urithi wa baba zake, na torati ilikuwa upande wake. Mfalme akaenda kulala, akageuza uso, akagoma kula. Hapo Yezebeli, mke wake, hakutuma askari. Aliandika barua kwa jina la Ahabu, akazitia muhuri, akazipeleka kwa wazee wa mji wa Nabothi. Ziliagiza watu watangaziwe mfungo, Nabothi aketishwe mbele ya watu, na watafutwe watu wawili wa kumshuhudia kwamba amemtukana Mungu na mfalme. Wazee walitekeleza kama walivyoandikiwa, hakuna hata mmoja aliyeuliza swali. Nabothi akatolewa nje ya mji, akapigwa mawe mpaka akafa.

Yaani mtu aliporwa ardhi kwa ibada. Mfungo ulikuwepo, mkutano ulikuwepo, mashahidi walikuwa wawili kama sheria inavyodai, na kosa lenyewe lilikuwa la kidini. Mpita njia wa siku ile angedhani anaona watu wacha Mungu wakilinda jina la Mungu.

Manabii walikuwa wapi? Sura ya 18:19 inataja manabii 450 wa Baali na 400 wa Ashera waliokula mezani pa Yezebeli. Mtaniambia hao ni wa Baali, mungu wa kigeni. Haya, nendeni sura ya 22. Manabii wapatao 400, na hawa wanasema kwa jina la Bwana, wote wanamwambia Ahabu apande vitani, atashinda. Mikaya mwana wa Imla peke yake ndiye anayesema vingine. Mjumbe aliyetumwa kumwita alimsihi maneno yake yafanane na ya wenzake. Alipokataa, nabii mwenzake alimpiga kofi, na mfalme akamtupa gerezani. Na aliyekwenda kumkabili Ahabu ndani ya shamba la Nabothi alikuwa Eliya, mtu aliyewahi kulishwa na kunguru na mjane wa Sarepta. Pale kwa mfalme hakuwa na sahani ya kupoteza.

Amosi 7 inasema wazi zaidi. Amazia, kuhani wa Betheli, anamwambia Amosi akimbilie Yuda, akale mkate wake huko na kutabiri huko, kwa kuwa Betheli ni patakatifu pa mfalme. Kwa Amazia, unabii na mkate vinakwenda pamoja, na nyumba ya ibada ina mwenyewe, naye ni mfalme. Amosi anamjibu kwamba yeye ni mchungaji wa mifugo na mtunza mikuyu.

Sasa mtazameni Oscar Romero wa El Salvador. Alipofanywa askofu mkuu wa San Salvador, Februari 1977, matajiri wengi walifurahi kwa sababu alijulikana kama mtu mtulivu asiye na makuu. Machi 12 rafiki yake, padre Rutilio Grande, aliyewahudumia wakulima, akauawa kwa risasi akiwa njiani kwenda kuadhimisha misa. Romero aliamuru Jumapili moja iwe na misa moja tu jimbo zima. Akatangaza pia kwamba hatahudhuria shughuli yoyote ya serikali mpaka mauaji yale yachunguzwe, na rais mpya alipoapishwa Julai hakuonekana. Aliondoka mezani kwanza. Baada ya hapo mahubiri yake ya Jumapili, yaliyorushwa redioni, yakawa yanasoma majina ya waliouawa na waliotoweka wiki ile. Machi 23, 1980 aliwaambia askari wasitii amri ya kuua ndugu zao. Kesho yake jioni akapigwa risasi akiadhimisha misa katika kanisa dogo la hospitali.

Hoja yangu ndiyo hiyo. Misaada kwa maskini Kanisa linaiweza, tena linaiweza vizuri: shule, zahanati, vituo vya yatima. Linapokwama ni kusema ni nani aliyemfanya yatima kuwa yatima, kwa sababu mara nyingi huyo ndiye aliyechangia mabati. Karibuni kwa hoja.

Nguzo

Mtunza Taa, uzi mzuri, lakini naomba nikupinge kwa heshima. Warumi 13 inasema kila mtu atii mamlaka iliyo kuu. Bwana Yesu alisema ufalme wake si wa ulimwengu huu. Paulo aliishi katika dola iliyojaa watumwa na hakuanzisha harakati yoyote. Alihubiri Kristo. Mioyo ikigeuka, jamii itageuka yenyewe.

Nimewaona watumishi walioanza na "haki za wanyonge" wakaishia kugombea vyeo. Mimbari ikawa jukwaa, washarika wakagawanyika kwa vyama, na mtu aliyekuja kanisani na huzuni yake akarudi nayo nyumbani kwa sababu Jumapili ile ilisemwa siasa tupu. Hilo nalo ni dhuluma kwa kondoo.

Mtunza Taa

Nguzo, kuhusu aliyerudi na huzuni yake, nakuunga mkono kabisa. Mchungaji anayetumia mimbari kutafuta cheo naye anatafuta meza, tofauti ni kwamba anataka akae kitako zaidi.

Ila Paulo huyohuyo, Matendo 16, alipigwa fimbo Filipi bila kuhukumiwa. Asubuhi wakuu wa mji wakatuma watu wamfungulie aende zake kimyakimya. Alikataa. Alisema wamempiga hadharani, yeye raia wa Roma, waje wenyewe wamtoe. Wakaja, wakaomba. Huyo ndiye mwandishi wa Warumi 13.

Na hili la mioyo kugeuka, tujifunze kwa Afrika Kusini. Mwaka 1829 sinodi ya Kanisa la Kireformati la Kidachi iliamua kwamba Meza ya Bwana ni ya wote, bila kutazama rangi. Walowezi wengine hawakuridhika. Mwaka 1857 sinodi ikakubali kwamba kwa sababu ya "udhaifu wa wengine" waumini weusi wanaweza kuabudu mahali pao. Mwaka 1881 likaundwa kanisa la pembeni kwa ajili ya watu wa rangi, yaani machotara. Walikuwa watu wa sala hao, Nguzo, wanasoma Biblia kila jioni na watoto wao. Mioyo ilikuwa imegeuka, lakini mpangilio wa viti ulibaki vilevile, na karne iliyofuata Kanisa lile likautafutia ubaguzi mistari ya kuuhalalisha. Ilipofika 1985 wanateolojia walitoa Waraka wa Kairos, na jambo la kwanza walilochambua lilikuwa namna dola ilivyoitumia Warumi 13. Na ni kanisa lilelile la pembeni lililoandika Ungamo la Belhar mwaka 1982, likalipitisha 1986, kukataa kwamba injili inaweza kuwatenga watu kwa rangi. Waliofukuzwa mezani ndio waliokumbuka meza ni ya nani.

Mpita Njia

Mimi si Mkristo, naomba ruhusa ya kusema. Mnazungumza kana kwamba Kanisa lilikuwa linatazama dhuluma dirishani. Wakati mwingine lilikuwa ndiyo mmiliki.

Barbados, mwaka 1710, tajiri Christopher Codrington alifariki akaliachia shirika la umisionari la Kanisa la Uingereza mashamba yake ya miwa pamoja na watumwa wake. Shirika halikuwaachia huru. Liliendesha mashamba, na watumwa wakapigwa chapa ya moto kifuani, neno "SOCIETY", yaani mali ya shirika. Utumwa ulipofutwa katika milki za Uingereza kwa sheria ya 1833, fidia ililipwa kwa wamiliki. Shirika lilipokea zaidi ya pauni 8,800 kwa watu 411. Wale 411 hawakupewa kitu. Kanisa la Uingereza liliomba radhi mwaka 2006.

Tena Rwanda 1994. Watu walikimbilia makanisani wakiamini watasalimika, wakauawa humohumo. Huko Nyange, padre Athanase Seromba alikubali kanisa lake libomolewe kwa tingatinga na watu wakiwa ndani. Mahakama ya Kimataifa ya Arusha ilimhukumu, na rufani ya 2008 ikampa kifungo cha maisha. Sasa mnataka mtu wa nje awasikilize kwa lipi?

Mtunza Taa

Mpita Njia, ruhusa unayo, na hayo uliyoyasema hayana jibu la kuyafuta. Sitakuletea Wilberforce, Mkristo aliyepigania utumwa ufutwe, ili tusawazishe hesabu. Waliokufa Nyange hawasawazishwi na mtu.

Ninachoweza ni kuitazama Rwanda kwa karibu, kwa sababu inaumiza na inafundisha. Askofu mkuu wa Kigali, Vincent Nsengiyumva, alikaa katika kamati kuu ya chama tawala kwa zaidi ya miaka kumi. Alijitoa tu karibu na ziara ya Papa ya 1990, tena baada ya kusukumwa na Roma. Hapo ndipo meza ilikuwa. Maneno ya mgawanyo yalipoanza kuenea redioni, Kanisa lenye waumini wengi kuliko taasisi yoyote nchini halikuwa na koo la kupaza sauti. Lilikuwa limekula miaka mingi mno.

Na nchi hiyohiyo, Gisenyi, kulikuwa na Félicité Niyitegeka, mwanamke mlei aliyetoa maisha yake kwa utumishi. Alikuwa Mhutu. Aliwaficha Watutsi katika nyumba ya kituo alichokisimamia na kuwasaidia wengine kuvuka mpaka kwenda Zaire. Kaka yake, afisa wa jeshi, alimtaka aondoke aokoe nafsi yake. Alimwandikia kwamba hawezi kuwaacha watu aliokuwa nao, ni heri afe pamoja nao. Aliuawa pamoja nao Aprili 1994. Hakuwa askofu, hakuwa na waraka wowote wa kusaini. Mimi nikiulizwa Kanisa lilikuwa wapi Rwanda, nasema lilikuwa kwenye nyumba ile, na nasema pia lilikuwa juu ya lile tingatinga. Yote mawili, na sina haki ya kuchagua moja.

Mzee wa Usharika

Wanangu, nimesoma yote. Mtunza Taa, hoja yako ya meza ni nzito, ila ina mahali inapopungua. Askofu Ambrosi wa Milano, mwaka 390, mfalme Theodosio wa Roma alipoamuru mauaji ya raia huko Thesalonike, alimwandikia barua kwamba hatampa ushirika mpaka atubu, na mfalme alitubu hadharani. Tunapenda kuitaja hiyo. Lakini mwaka 388 Wakristo wa Kalinikumu walichoma sinagogi, mfalme akaagiza lijengwe upya kwa gharama za Kanisa. Ambrosi huyohuyo alimbana mpaka agizo likaondolewa. Hakuwa na hofu ya mfalme hata kidogo, na siku ile aliutumia ujasiri wake kuwanyima haki Wayahudi. Kutokula mezani pa mfalme kunampa mtu sauti, ila hakumfundishi machozi ya nani yana thamani.

La pili, naona mnataja mashujaa waliokufa. Washarika wetu hawawezi wote kuwa Romero, na si lazima. Mimi nimekaa kwenye baraza la wazee muda mrefu, nakwambieni kazi kubwa ya haki ni ya makaratasi. Chile, baada ya mapinduzi ya 1973, makanisa yaliunda kamati ya kuwasaidia waliokamatwa. Serikali ya kijeshi ya Pinochet ilipoifunga, Kardinali Raúl Silva Henríquez alianzisha mwaka 1976 ofisi ndani ya jimbo lake, iliyoitwa Vicaría de la Solidaridad, yaani ofisi ya mshikamano. Mama anafika asubuhi, anasema mwanangu alichukuliwa usiku. Karani anamuuliza jina, saa, gari la rangi gani, alivaa nini. Anaandika. Mwanasheria anapeleka ombi mahakamani ili mtu huyo afikishwe mbele ya hakimu. Maombi karibu yote yalikataliwa. Wakaendelea kuyapeleka, maelfu. Miaka ilipopita na utawala ukabadilika, faili zile zikawa ushahidi.

Na Malawi, mwaka 1992, chini ya Banda, rais wa maisha, na chama kimoja. Maaskofu Wakatoliki waliandika waraka wa Kwaresima, ukasomwa makanisani siku moja, Machi 8. Hakuna aliyekuwa amethubutu kuyasema yale hadharani. Maaskofu wakahojiwa na polisi, na kukutwa na waraka ule kukawa kosa. Juni 1993 wananchi wakapiga kura ya maoni, wakauchagua mfumo wa vyama vingi. Ule ulikuwa waraka wa kurasa chache, uliosomwa na mapadre wa kawaida vijijini, kila mmoja akijua anaweza kukamatwa kabla ya chakula cha mchana.

Binti Sayuni

Shikamoo mzee. Wakuu, naomba nishushe mjadala huu kwa mlinzi wa geti na mama wa usafi.

Nilifanya kazi ya ofisi katika kanisa moja, silitaji jina. Kanisa zuri, lina kwaya nzuri, lina mradi wa kulisha maskini kila mwisho wa mwezi. Mama aliyefanya usafi alikuwa anafika kabla ya ibada ya kwanza na kuondoka baada ya mkutano wa mwisho. Hakuwa na mkataba. Alilipwa kwenye bahasha pale mweka hazina alipokumbuka. Miezi mingine bahasha haikuja. Alipouliza aliambiwa "unamtumikia Mungu, thawabu yako iko mbinguni". Siku moja nilimkuta amesimama kwenye foleni ya chakula cha maskini, chakula cha kanisa lilelile linalomdai kazi na kutomlipa. Aliponiona alijifunika na kitenge chake.

Wiki hiyohiyo tulinunua vipaza sauti vipya.

Nilisema kwenye kikao, nikaambiwa ninaleta roho ya uasi. Yakobo 5:4 inasema ujira wa wafanyakazi uliozuiliwa unapiga kelele, na kelele zimefika masikioni mwa Bwana. Nilikuwa naukariri mstari huo nikiwa mtoto wa shule ya Jumapili nikidhani unawahusu matajiri wenye mashamba. Sasa nauliza: tutamwambia nini mwenye kiwanda?

Nguzo

Binti Sayuni, mimi ni mweka hazina kwenye usharika wangu, na maneno yako yamenichoma. Msimamo wangu kuhusu mimbari na siasa bado nimeushika, Mtunza Taa hajanishawishi. Lakini hili si siasa. Walawi 19:13, ujira wa kibarua usilale kwako hata asubuhi. Hapa sina cha kubisha.

Mtunza Taa

Nguzo, mama yule angekuwa anafagia ofisi ya serikali, au nyumba ya tajiri mmoja wa washarika wako, ungesema bado si siasa?

Nguzo

Ningemwendea tajiri huyo nyumbani kwake, kama Nathani alivyomwendea Daudi, nimwambie uso kwa uso.

Mtunza Taa

Nathani alimwendea mfalme, ndugu yangu. Na habari ile imeandikwa, sote tunaisoma. Lakini nenda, nitafurahi ukienda.

Binti Sayuni

Mzee, nimehamia usharika mwingine sasa, na mkutano mkuu wa washarika uko karibu. Hapa nako kuna walinzi wawili na mama wa usafi. Sitaki kuanza na vita. Niulize vipi ili wasinizime kama kule?

Mzee wa Usharika

Mwanangu, marahaba. Usisimame peke yako. Tafuta wawili wakuunge mkono kabla ya mkutano, na mmoja awe mtu ambaye hawawezi kusema ana roho ya uasi. Wasikilize kwanza wafanyakazi wenyewe, maana wao ndio watakaobaki getini baada ya mkutano, na kama hawataki majina yao yatajwe, usiyataje. Halafu peleka swali kwa maandishi kwa katibu, liingie kwenye ajenda, usingoje "mengineyo". Liwe fupi: "Wafanyakazi wote wa usharika walilipwa mara ya mwisho lini, wanadai kiasi gani, na ni wangapi wana mkataba?" Usiongeze mahubiri hapo. Omba jibu liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Nguzo

Ongeza na hili, dada: omba mishahara iwe kifungu chake kwenye bajeti, kilipwe kabla ya ujenzi na kabla ya vyombo. Ikichanganywa kwenye "matumizi mengine", mweka hazina akibanwa ndipo anapokata kwanza. Najua kwa sababu ndivyo inavyofanyika kwenye vitabu vingi. Ukitaka, nitumie bajeti yenu ya mwaka jana nikuonyeshe iko wapi.

Binti Sayuni

Asante, kaka Nguzo. Nimeandika yote. Bajeti hawajawahi kutugawia nakala, kwa hiyo nitaanza kwa kuiomba hiyo.